Kupunguza vitu nyumbani: anza na mlango wa kutokea

Mara ya kwanza nilipoamua kupunguza vitu nyumbani nilishinda kutwa nzima nikichambua. Nilijaza viroba vitatu, nikavisukuma nyuma ya mlango wa sebule, nikaoga, nikalala fofofo. Viroba vile vilikaa pale wiki saba. Mwanzo vilikuwa vinasubiri Jumamosi. Kisha vikasubiri mtu mwenye gari. Baadaye tukavizoea, tukawa tunapita upande upande bila hata kuviona. Wiki ya tano dada yangu akaja kututembelea, akachungulia kiroba cha juu, akachomoa chupa ya chai. "Hii si nzima kabisa? Unaitupia nini?" Nikaona haya, nikairudisha kabatini. Kesho yake nikarudisha na mkoba. Ilipofika wiki ya saba viroba vitatu vimebaki kimoja na nusu, na kabati limeshiba kama zamani.

Kuchambua nilichambua vizuri. Nilichokosa ni pa kuvipeleka. Nyumba nyingi ziko hivyo: vitu vinaingia kila siku, kwa kununuliwa, kwa kupewa, kwa kuokotwa, kwa kusahauliwa na wageni, lakini hakuna aliyekaa akapanga vinatokaje. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikishajaa kinaanza kumwagikia juu ya kabati, uvunguni mwa kitanda, na kwenye kile kiti ambacho hakuna anayekikalia kwa sababu kina nguo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho.

Hatua ya 1: Jua vitu vitakwenda wapi

Kabla hujafungua kabati lolote, chukua karatasi uandike njia nne ambazo kitu kinaweza kutokea nyumbani kwako: kupewa mtu, kuuzwa, kwenda kwa fundi, kutupwa. Mbele ya kila njia andika jina au mahali, halafu siku. Usiandike "wenye shida", maana wenye shida hawana anwani. Andika mtu unayemjua, au kituo ulichokwisha kukipigia simu ukaambiwa wanapokea nini na siku gani. Kupiga simu ni muhimu. Vituo vingi vimechoka kupokea vitu ambavyo mtoaji aliona uvivu kuvitupa mwenyewe.

Kipimo changu cha kutoa ni hiki: kama ningeona haya kumkuta mtu amekivaa au anakitumia huku anajua kimetoka kwangu, sikitoi. Shati lililochanika kwapani halifai kupewa mtu, ni tambara. Likate vipande vinne, ufutie madirisha, kisha uende zako.

Kuuza ndiko kunakowakwamisha wengi. Mtu anapiga picha, anaandika bei, anajibu maswali ya watu ishirini wasionunua, na kitu bado kipo sebuleni. Uza vile tu ambavyo fedha yake inastahili usumbufu huo, na ujipe siku 14. Zikipita, bei inashuka au kitu kinapewa mtu. Utagundua pia kwamba soko halikithamini kitu chako kama unavyokithamini wewe, na nitaeleza sababu yake mbele kidogo.

Kwa fundi ni wiki moja. Pasi iliyokaa mwaka mzima imeharibika bila wewe kuipeleka, umekwisha kujifunza kuishi bila hiyo. Mpelekee fundi mwenyewe, umwambie aichukue kwa ajili ya vipuri. Mara nyingi atafurahi kuliko ambavyo ungefurahi wewe kuitengeneza.

Kutupa nako kuna adabu yake, hasa kwa vitu vitatu. Betri za lithiamu, yaani za simu, kompyuta na vifaa vingi vya kuchaji, zisitupwe na taka za kawaida, kwa sababu zikibanwa au kutobolewa kwenye gari la taka hushika moto. Ziba ncha zake kwa utepe wa gundi, zitenge mahali pakavu, na ulizie panapopokelewa taka za kielektroniki. Iliyovimba usiichaji tena wala usiibonyeze. Dawa zilizopita muda rudisha famasi kama wanapokea. Kama hapana pa kuzirudisha, changanya vidonge, bila kuvisaga, na udongo au machicha ya kahawa, funga kwenye mfuko ndipo uweke kwenye taka, mtoto au mnyama asivutiwe kuvila. Na simu ya zamani usiitoe kabla hujaondoa laini na kadi ya kumbukumbu, ukatoka kwenye akaunti zako, ukairudisha katika hali ya kiwandani. Ukisahau kutoka kwenye akaunti, utakayempa anaweza kuwa amepokea kipande cha kioo tu.

Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango wa kabati la kwanza utakalofungua.

Hatua ya 2: Chagua sehemu ndogo inayoisha leo

Usimwage chumba kizima. Najua picha zinazoonyesha nguo zote za mtu zimerundikwa kitandani kama kilima, naye amesimama pembeni anatabasamu. Mimi nilimwaga, nikaanza saa nne asubuhi, saa tano usiku nikawa nimechoka na kilima bado kipo, nikalala nusu ya kitanda. Asubuhi nikazoa vyote nikavirudisha jinsi vilivyokuwa, kwa hasira.

Chukua droo moja, au rafu moja, au kikapu kimoja. Tegesha simu dakika 40. Kabla ya kuchagua kitu chochote kigumu, pita kwanza na mfuko wa taka uokote vile ambavyo havina mjadala: kalamu zilizokauka, mifuko tupu, vipande vya plastiki ambavyo havijulikani ni vya nini, soksi moja. Dakika kumi za kwanza huwa rahisi, na mikono inapata moto.

Mpangilio nao una maana. Anza na bafu na dawa, kwa sababu kule kuna tarehe zinazokuamulia. Kisha jikoni, kisha nguo na viatu, kisha karatasi. Vitu vya kumbukumbu viwe vya mwisho kabisa. Anayeanza na picha za utotoni atakaa sakafuni anasoma barua mpaka magharibi, na droo haijapungua hata karatasi moja.

Ukishachagua sehemu, toa kila kitu kilichomo, futa vumbi, ndipo uanze kurudisha. Kurudisha kuna tofauti kubwa na kuondoa. Ukitazama droo iliyojaa na kujiuliza nini kitoke, kila kitu kinajitetea. Droo ikiwa tupu na safi, kila kitu kinaomba ruhusa ya kuingia.

Hatua ya 3: Badilisha swali

Swali ambalo wengi hujiuliza ni "nitakuja kukihitaji?" Jibu lake ni ndiyo siku zote. Hakuna kitu duniani ambacho huwezi kukitungia siku ya kukihitaji: kopo litafaa kupandia maua, waya utafaa kufungia kitu, suruali itanitosha nikipungua.

Jiulize hivi badala yake: kama nisingekuwa nacho leo, ningetoka kwenda kukinunua? Swali hili linakuondoa kwenye kiti cha mwenye mali na kukuweka kwenye kiti cha mnunuzi, na viti hivyo viwili vinaona bei tofauti. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya na wanafunzi, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Nusu ya wanafunzi walipewa vikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaruhusiwa kuuziana. Wenye vikombe walitaka karibu mara mbili ya fedha ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Vikombe ni vilevile, na wenye navyo walikuwa wamekaa navyo muda mfupi tu. Sasa fikiria kikombe ulichokaa nacho miaka tisa.

Ndiyo maana tangazo lako la kuuza kabati haliitikiwi. Bei umeiandika ukiwa umekaa kwenye kiti kibaya.

Kuna jambo lingine linalotukwamisha, na hili liko kwenye lugha yetu yenyewe. Tumelelewa na methali ya akiba haiozi. Mimi naiheshimu, na sitaki mtu anayeishi kwa fedha ya kuhesabu atupe kitu ambacho kukipata tena kutamtoa jasho. Ushauri wa "ukikihitaji utanunua kingine" umeandikwa na watu ambao kununua kingine hakuwaumizi kichwa. Lakini akiba ina sifa mbili: unajua idadi yake, na unajua ilipo. Balbu tatu za ziada kwenye rafu ya juu ni akiba. Balbu ambazo hukumbuka kama unazo, ukaenda ukanunua nyingine, ukaja kuzikuta miezi minne baadaye nyuma ya ndoo, hizo ni rundo. Kitu usichoweza kukipata siku unapokihitaji huna, hata kama kimo ndani.

Na akiba nyingine huoza kweli. Nilikuwa na viatu vyeusi nilivyovivaa mara mbili tu, nikavirudisha kwenye boksi lake pamoja na zile karatasi laini, nikaviweka juu ya kabati visubiri shughuli ya maana. Shughuli ilipofika, miaka kama sita baadaye, nikavitoa vinang'aa kama siku niliyovinunua. Nikavivaa. Kabla sijafika getini nikahisi natembea juu ya mchanga. Nikainua mguu: soli inamegeka vipande vipande kama mkate mkavu, na nyuma yangu mstari wa unga mweusi kutoka chumbani mpaka mlangoni. Soli nyingi za kisasa hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki, na aina hiyo hudhoofishwa na unyevu wa hewani mwaka hata mwaka, ukivaa usivae, joto huzidisha. Lastiki za nguo nazo hulegea zikiwa zimekunjwa kabatini. Betri za kawaida ukiziacha ndani ya tochi huvuja maji yanayokula vyuma vya ndani. Vipodozi vina alama ndogo ya kopo lililofunguliwa na namba kama 6M au 12M, na hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua, ambayo karibu hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo ukikuta kitu "cha siku maalumu", kitumie wiki hii au kitoe. Tangu siku ya soli nimeacha kuwa na sahani za wageni. Tunazilia sisi.

Hatua ya 4: Pita chumba kwa chumba

Jikoni, anza na makopo na vifuniko. Weka kila kopo mezani pamoja na kifuniko chake. Kopo lisilo na kifuniko na kifuniko kisicho na kopo vinaondoka leo. Tumekuwa tukiwasubirisha wachumba hawa miaka, hawataonana. Sufuria zinazotumika nyumba yoyote ni chache sana kuliko zilizopo, na utazijua kwa masizi na mikwaruzo: zile zinazong'aa ndizo zisizotumika. Vifaa vya umeme vya kazi moja tu, kama cha kukata yai au cha kutengeneza kitafunio cha aina moja, viondoe juu ya meza ya kazi, uviweke kabatini. Kama mwezi mzima hujavifuata kabatini, umeshapata jibu.

Nguo zina hila nzuri isiyohitaji ujasiri wowote. Geuza henga zote zitazame upande mmoja, kinyume na unavyozitundika kawaida. Ukivaa nguo, ukiifua na kuirudisha, itundike kawaida. Baada ya miezi sita tazama henga zilizobaki kinyume. Huhitaji kujishauri tena, ushahidi uko pale. Tofauti ipo kwa nguo za baridi kali na za shughuli, hizo zipe mwaka. Nguo zinazokubana zina mjadala wake. Mimi nimejiruhusu suruali moja tu ya matumaini, na nimeiambia hivyo.

Karatasi zinatisha kuliko zinavyostahili. Zigawe mafungu matatu. La kwanza ni la maisha: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, hati za nyumba na ardhi, pasipoti. Hizi ni chache, zinatosha kwenye faili moja, na faili hilo lijulikane na watu wawili nyumbani, siku ya dharura asiwepo mmoja akakosekana mjuzi. La pili ni la muda: mikataba, kodi, mikopo, dhamana za vifaa. Muda wa kuziweka unategemea sheria za mahali unapoishi, kwa hiyo juu ya kila bahasha andika mwaka wa kuzitoa. La tatu ni mengine yote, yaani rundo lenyewe: vitabu vya maelekezo vya vifaa ambavyo huna tena, mialiko ya shughuli zilizopita, risiti. Risiti nyingi huchapwa kwa joto, maandishi yake hufifia yenyewe, kwa hiyo unayoihitaji ipige picha mapema. Zenye namba za akaunti au kitambulisho zichane vipande vidogo kabla ya kuzitupa. Na maboksi ya karatasi usiyafanye stoo ya kudumu; mende huyapenda mno.

Droo ya waya na chaja nitaisema kwa kituo, kwa sababu karibu kila nyumba inayo. Mwaga yote mezani. Leta vifaa vyote vya nyumbani vinavyochajiwa, uvipange upande wa pili wa meza. Kila kifaa kichague waya wake. Kwenye ule waya bandika kipande cha gundi, andika jina la kifaa. Ongeza mmoja wa akiba kwa kila aina ya kichwa kinachotumika bado. Yaliyobaki, na yatakuwa mengi, ni ya vifaa vilivyokwisha kufa. Mimi nilibaki na nyaya kumi na saba ambazo hazikuingia popote, mojawapo ikiwa na kichwa kipana cha pini nyingi kama kitana. Niliishika kwa muda, nikawaza, labda. Hiyo "labda" ndiyo iliyoijaza droo. Nyaya zinakwenda pamoja na taka za kielektroniki. Ndani yake kuna shaba, na wapo wanaoitafuta.

Bafuni ni kusoma tarehe tu. Dakika kumi na tano zinatosha.

Hatua ya 5: Vyenye shaka vipe kadi

Patakuwa na vitu ambavyo hukubali kuvitoa na huwezi kueleza kwa nini vibaki. Usikwame navyo, maana uchovu wa kuamua ndio unaomrudisha mtu nyuma. Viwandani Japani kuna utaratibu wa hatua tano unaojulikana kama 5S, na ya kwanza, seiri, ni kutenga kinachohitajika na kisichohitajika. Kitu chenye shaka hubandikwa kadi nyekundu yenye tarehe, kikahamishiwa sehemu ya kusubiri. Muda uliowekwa ukipita bila mtu kukidai, kinaondoka.

Fanya vivyo hivyo. Boksi moja, utepe juu, tarehe ya leo na tarehe ya miezi mitatu mbele kwa maandishi makubwa. Usiandike orodha ya vilivyomo. Ukikihitaji kitu utakikumbuka mwenyewe na utalifungua ukichukue hicho tu. Siku ikifika, boksi linatoka likiwa limefungwa. Ukilifungua "kuangalia tu", umeanza upya.

Boksi liwe moja. Wapo wenye maboksi tisa ya shaka.

Hatua ya 6: Vya wenzako viache

Hamu ya kupunguza huambukiza kwanza mikono kabla ya akili, na ukishaona kabati lako lina nafasi utaanza kulitazama la mwenzako kwa jicho baya. Acha. Maliza vyako vyote. Kisha maliza vya pamoja, kwa kukubaliana. Vya mwenzako vina mwenyewe, na kitu kimoja kilichotupwa bila idhini kinatajwa kwenye kila ugomvi kwa miaka. Unachoweza kudai kwa haki ni mipaka: meza ya kulia iwe tupu usiku, njia ya kutokea isizibwe na kitu hata siku moja, maana siku ya moto hakuna atakayeruka maboksi gizani.

Watoto nao wana haki zao. Mama yangu aliwahi kumpa mtu gari langu la bati nikiwa shuleni, na mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu, nalikumbuka hadi rangi. Kaa na mtoto, mpe kikapu kimoja, mwambie vitakavyoenea humo ndivyo vya kuchezea mwezi huu. Vingine vifungie juu. Mwezi ukiisha badilisha. Vile ambavyo hakuviulizia kwa mizunguko mitatu, yeye mwenyewe atakubali vitoke, na utashangaa jinsi anavyokubali haraka kuliko wewe.

Hatua ya 7: Vya kumbukumbu

Sasa umepata mazoezi, ndipo unaweza kuvikaribia hivi. Kama ni vya marehemu na msiba bado mbichi, visubiri. Hakuna anayekukimbiza.

Baba alipofariki alituacha na mashati kumi na moja. Kwa mwaka mzima yalining'inia jinsi alivyoyaacha, na kila nilipofungua kabati nilifunga haraka. Siku nilipoyatoa niliyapanga kitandani yote, nikatafuta lile ambalo ni yeye zaidi. Lilikuwa la kijivu, mfuko wa kifuani una doa la wino lenye umbo kama la jani, kwa sababu hakuwahi kujifunza kufunga kalamu. Hilo nikalibakisha. Kumi yakaenda kwa wajomba na binamu, na mmoja wao nikamwona amelivaa shughulini, nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Shati moja nalitoa na kulishika. Kumi na moja yalikuwa ukuta tu.

Hivyo basi: chagua kimoja kinachobeba vingi. Vilivyobaki vipige picha kwanza kama roho haitulii, hasa michoro ya watoto na vikombe vya ushindi. Weka sanduku moja la kumbukumbu kwa kila mtu nyumbani, na ukubwa wa sanduku ndio uamue. Likijaa, kinachoingia kinamtafuta wa kutoka.

Hatua ya 8: Bana mlango wa kuingilia

Usinunue vikapu, makopo ya kupangia wala rafu kabla hujamaliza. Ni kosa la kawaida mno, na maduka yanalipenda. Vifaa vya kupangia vikitangulia, unachofanya ni kulinunulia rundo nyumba nzuri zaidi.

Kila kitu kipya kina tabia ya kuita wenzake. Mwaka 1769 Mfaransa Denis Diderot alieleza masaibu yaliyompata baada ya kuvaa joho jipya la kifahari la nyumbani. Joho likavifanya vitu vyake vingine vionekane duni, basi kiti cha majani kikaondoka kikaja cha ngozi, na meza yake ya mbao ikaipisha meza ya thamani. Mwisho akawa analililia joho lake kuukuu. Babu zetu wangemwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe ukinunua kochi jipya, jiandae kuona zulia limechakaa, na ujue hilo ni kochi linasema.

Utaratibu unaonisaidia ni daftari. Ninachotaka na si cha lazima nakiandika na tarehe, nasubiri siku 30. Vingi nikirudi kuvisoma hata sikumbuki nilivitakia nini. Kinachobaki na hamu yake nakinunua bila majuto, na siku hiyohiyo kimoja cha aina yake kinatoka. Ndugu na marafiki nao waambie mapema, kwa upole, kwamba unapendelea zawadi zinazoisha, kama sabuni nzuri au tiketi ya safari. Wengine watakuletea sanamu ya tembo vilevile. Pokea, shukuru.

Vichache ni vingapi?

Watu huniuliza idadi. Inasimuliwa kwamba Diogenes, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyekuwa akilala kwenye mtungi mkubwa, alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, naye akatupa kikombe chake. Sisi hatuendi huko. Wala huhitaji kuta nyeupe na kiti kimoja katikati ya chumba. Nyumba isiyo na pa kumkalisha mgeni haijapunguzwa, imekomolewa.

Ninachoweza kutaja ni vipimo vya kawaida. Shuka: jozi mbili kwa kila kitanda, moja imetandikwa, moja safi kabatini, na ya tatu kama kuna mtoto mdogo. Taulo: mbili kwa mtu, na chache za wageni. Sahani na vikombe: hesabu ya wanakaya pamoja na wageni unaowapokea kweli, siyo wale wa harusi ambayo itakodi vyombo vyake. Vitabu sina kipimo, na sitaki kupewa. Zana za kazi inayokulisha usiziguse kabisa kwa jina la kupunguza.

Kisha kiache kiroba kimoja cha kudumu, mahali ambapo kila mtu nyumbani anakijua. Chetu kiko karibu na mashine ya kufulia. Nguo iliyokataa, kikombe cha ziada, mchezo uliochosha, vyote vinaingia humo siku yoyote bila mkutano. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kinafungwa na kupelekwa kule karatasi ya Hatua ya 1 inakosema, kijae kisijae. Kifunge fundo mbili. Na dada akija wiki hiyo, mkaribishe akae upande wa pili.